Mtutu wa .303 unaota kutu hata ukiupaka mafuta

Salaam mkuu. Umesema bunduki yako ya Lee-Enfield, hiyo ya risasi za .303, unaipaka mafuta kila ukitoka kupiga, lakini siku mbili tu mtutu umeshaota kutu. Kwanza angalia risasi: ni zile kuukuu za jeshi? Nyingi fataki zake (kile kiwashio cha baruti kwenye kitako cha risasi) zina kloreti ya potasiamu, na ikiungua huacha chumvi. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta, unaifunika tu, na kwa mvua hizi za Tabora inanyonya unyevu usiku kucha.

Mimi jioni ileile nachomoa komeo (kile chuma kinachoziba nyuma ya mtutu), namimina mtutuni maji ya moto kama ya kusongea ugali kuanzia nyuma, napitisha vitambaa vikavu, ndipo mafuta. Uso wa komeo nao uoshe, wengi huusahau. Ukiona vishimo ndani, usipige tena kabla fundi mwenye leseni hajaitazama.