Barabara haipangwi bila kuwasikiliza wananchi

Je, barabara kubwa kama hii ya Tanga–Pangani–Bagamoyo inaweza kupangwa bila wananchi kuulizwa? Hapana, haitakiwi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira, na ndani yake maoni ya watu ni lazima. Hata nauli za daladala, LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, hukusanya maoni ya wadau kwanza. Ila mkutano wa maoni ukiitwa asubuhi ya kazi, bodaboda yuko stendi ya Kange anasaka abiria, mama wa samaki yuko sokoni Deep Sea, na hao ndio barabara na nauli huwagusa mwanzo. Jamani, tudai ufanyike jioni, hukuhuku mtaani. Ukishindwa kufika, andika maoni yako, yapeleke kwa mtendaji, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.