Maswali ya wasomaji: Kusomea malezi ya awali ukiwa bado kazini

Nina D nne. Mbona chuo kinanikataa?

*Shikamooni wahariri. Niko deikea hapa Sakina mwaka wa nne sasa. Kidato cha nne nilipata D nne, moja ni ya somo la dini. Mama mwenye kituo ananishauri nisome kozi ya wiki sita wikiendi nipate cheti. Mimi nataka cheti kitakachonipandisha, ila kazi siwezi kuacha. – Mlezi, Sakina, Arusha*

Marahaba, dada. Kinachokukwamisha ni hiyo D ya dini. Kuingia astashahada ya awali, yaani ngazi ya 4 ya NTA (mfumo wa ngazi za tuzo za elimu ya ufundi), kwa kawaida vyuo hutaka D nne bila kuhesabu masomo ya dini, kwa hiyo wewe unazo tatu. Usitoe hela ya fomu bado. Jisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, urudie masomo mawili, ili moja likikuangusha lingine likubebe. D inaanzia alama 30, na mwenye miezi kadhaa ya kujisomea jioni anazifikia. Usajili hufanywa mwanzoni mwa mwaka kwa mtihani wa Novemba. Muda wa kujisajili ukikupita, mwaka umekwenda.

Kozi ya wiki sita si mbaya, utatoka na nyimbo, vifaa vya kujitengenezea na huduma ya kwanza kidogo. Ila si ngazi ya NTA, na ukienda kuomba ngazi ya 5 utaanza upya kama ambaye hakusoma. Chuo chochote kitakachokuvutia, uliza kama *kozi yenyewe* imesajiliwa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi. Kuna chuo kinaweza kuwa na usajili halali wa kozi nyingine kabisa, kikafundisha malezi chini ya kibao hichohicho. Kwa upande wa Kilimanjaro, ulizia Kampasi ya Kisangara ya Taasisi ya Ustawi wa Jamii, pale Mwanga, barabara ya Moshi kwenda Same. Njia ya ualimu wa awali ipo pia, ila kwa kawaida hudai ufaulu wa juu zaidi, na inakuelekeza zaidi kwenye darasa la awali shuleni kuliko kwenye kituo cha kulelea watoto wadogo.

Sasa suala la kutoacha kazi. NTA 4 ina krediti 120, na kila krediti ni saa 10 za kujifunza, kwa hiyo ni saa 1,200. Gawanya kwa wiki 40, utapata saa 30 kwa wiki. Sheria ya kazi inaruhusu hadi saa 45 za kawaida kwa wiki. Ukijumlisha unafika 75, na bado hujapika wala kufua. Wengi huishia njiani hapa, wakadhani hawana akili ya shule.

Upenyo upo kwenye mazoezi kwa vitendo, ambayo nayo yamo ndani ya saa hizo. Kabla ya kulipa ada, omba chuo kikujibu kwa maandishi kama kitakubali uyafanyie hapohapo unapofanya kazi. Kitauliza mambo mawili: kituo kina cheti cha usajili cha ustawi wa jamii, na yupo mtu mwenye sifa wa kukusimamia? Lisipokuwepo mojawapo, tafuta kituo cha pili cha kufanyia mazoezi. Likizo yako ya siku 28 mfululizo itunze kwa ajili ya mitihani, usiimalize Desemba kwenye sherehe.

Taarifa zangu zinarudishwa kila mara

*Nasoma huku nafanya kazi. Msimamizi amenirudishia taarifa za uchunguzi wa mtoto mara ya pili, ameandika "huu ni uamuzi, si uchunguzi". Niliandika: "Leo B. alikuwa mtundu, mchoyo, hakutaka kushirikiana na wenzake." Kosa liko wapi? – Mwanafunzi, Majengo, Moshi*

Msimamizi wako yuko sahihi. "Mtundu" na "mchoyo" ni maoni yako. Anayesoma hajui mtoto alifanya nini. Tukio lilelile lingeandikwa hivi:

"Saa 3:40 asubuhi, kona ya maji. B., miaka 3 na miezi 4. Ameshika jagi kwa mikono miwili, anamimina kwenye kikombe mpaka maji yanafurika. Anasimama, anayatazama. Anamwaga nusu, anamimina tena, anaacha kabla ya ukingo. Anasema: 'Imetosha.' Mwenzake ananyoosha mkono kuchukua jagi. B. analivuta kifuani: 'Bado yangu.' Saa 3:46 analiweka chini mwenyewe, anaondoka."

Dakika sita tu, na "mchoyo" wako ametoweka. Amebaki mtoto anayejifunza kipimo, ambaye hajamaliza kazi yake. Chini yake, kwa kichwa kingine, ndipo uandike unavyoelewa: mikono inaanza kutii jicho, anajua maana ya kujaa, bado hajaweza kupokezana. Mwisho andika hatua ya kesho, na iwe kitu kinachoshikika: "Nitaongeza jagi la pili na vikombe vitatu vya ukubwa tofauti." Ukiandika "nitamhimiza ashirikiane", itarudishwa mara ya tatu.

Beba kijidaftari kwenye mfuko wa aproni, uandike maneno mawili matatu papo hapo, kisha unakili vizuri siku hiyohiyo. Wanaojaza kumi kwa mpigo Jumapili usiku hukamatwa kirahisi: kalamu moja, mwandiko mmoja, na tarehe mojawapo imeangukia Nane Nane, kituo kimefungwa. Jina la mtoto liwe herufi tu, kama ulivyofanya. Picha usiweke bila idhini ya mzazi iliyoandikwa.

Faili ligawe sehemu tano kwa kufuata PJT-MMMAM, yaani Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto: afya bora, lishe toshelevu, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Utaona haraka wapi pamejaa na wapi pako wazi. Mara nyingi lishe ndiyo huwa tupu, ilhali uji unanywewa kila siku mbele ya macho yako.

Nimsomeshe mfanyakazi, akiondoka je?

*Nina kituo Kiboriloni. – Mama mwenye kituo*

Mama, msiishie kwenye maneno ya mdomo. Andikeni kiasi unacholipa, atabaki muda gani baada ya kuhitimu, na akiondoka katikati atarudisha sehemu gani. Kiasi cha kurudisha kipungue kila mwezi anaobaki. Vyeti vyake halisi usivishike, weka nakala.

Dada yangu yuko England

*Anaambiwa akasome ngazi ya 3 huku akifanya kazi nasari. Ni sawa na huku? – Usa River*

Ngazi ya 3 ya kule humfanya ahesabike kama mlezi mwenye sifa. Uwiano wa England ni mlezi mmoja kwa watoto watatu walio chini ya miaka miwili, na tangu Septemba 2023 mmoja kwa watano wa miaka miwili. Huduma ya kwanza ya watoto ni kozi kamili ya saa 12. Akiwa na cheti cha NTA cha hapa, akithibitishe UK ENIC, ofisi ya kule inayolinganisha vyeti vya nje, halafu aulize Wizara ya Elimu ya kule kama kinatosha kumhesabu kwenye uwiano huo. Barua ya ENIC peke yake haitoshi, kwa sababu inalinganisha ngazi za elimu tu.