Maswali na majibu: ZZ ya sebuleni na jamaa yake wa Usambara

Maswali mengi mliyoleta safari hii yanahusu jamii moja, ile ya magimbi (nduma, kwa wasomaji wa Kenya). ZZ ni ule mmea wa chungu unaopamba sebule nyingi. Nimeyaunganisha yanayofanana.

Nimebishana na muuzaji wa kitalu hapa Kinondoni. Yeye anasema ZZ inatoka Uholanzi, mimi nimesikia ni mmea wa Afrika. Nani yuko sahihi?

Wewe. ZZ, kwa jina la kitaalamu *Zamioculcas zamiifolia*, ni wa kwetu kabisa. Unaota porini kuanzia Kenya, unashuka Tanzania na Zanzibar, Msumbiji, Malawi na Zimbabwe, mpaka KwaZulu-Natal kule Afrika Kusini. Wazungu wameujua zamani: kitalu cha Loddiges cha London kiliuchapisha mwaka 1829 wakidhani ni aina ya Caladium, mmea mwingine wa jamii ya magimbi, na Schott, mtaalamu wa mimea wa Austria, akaupa jenasi (kundi la aina zilizo karibu) yake yenyewe mwaka 1856. Baada ya hapo ulikaa kwenye bustani za wataalamu bila kelele yoyote, hadi kwenye mwaka 1996 wakulima wa maua wa Uholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi. Hapo ndipo muuzaji wako alipoanzia hesabu yake. Mwambie bei ya "mmea wa nje" aipunguze.

ZZ yangu inageuka manjano kuanzia chini na mashina yanalala. Namwagilia kila baada ya siku mbili, na mbolea naweka. Nifanye nini?

Dada, unauzamisha. Huu ni mmea wa vichaka na misitu mikavu ya pwani, unakaa kwenye mawe na mchanga chini ya kivuli, na kiangazi huko si cha wiki moja. Umejiandaa kwa kiu. Chini ya udongo una kiazi kinene, na hata juu ni tangi la maji: watafiti waliopima walikuta majani yake ni maji kwa asilimia 91 na vikonyo asilimia 95. Tena ukikosa maji, huweza kuvuta hewa ya ukaa usiku na kufunga matundu ya majani mchana, kama wanavyofanya nanasi na mkonge. Hilo lilithibitishwa mwaka 2007.

Sasa mmea wa namna hiyo unapewa maji kila baada ya siku mbili ya nini? Utoe kwenye chungu. Kiazi kikiwa kigumu na cheupe ndani, salama. Sehemu iliyolainika na kutoa harufu ikate yote, uache kidonda kikauke kivulini siku chache, kisha panda upya kwenye udongo wenye mchanga mwingi, chungu kiwe na tundu chini. Maji mpaka udongo ukauke hadi chini, si juu tu. Mbolea iache kwanza.

Tulipeleka wanafunzi Amani, Usambara Mashariki. Kando ya njia, msituni kabisa, tuliona mmea mfupi wenye majani ya umbo la moyo na ua jeupe lenye kidole cha njano katikati. Mwalimu mwenzangu anataka kurudi kuuchimba apande shuleni. Ni mmea gani?

Kwa maelezo hayo, mwalimu, inaelekea mmeona *Callopsis volkensii*. Mna bahati. Engler, mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, aliueleza mwaka 1895, akaupa jina la Volkens, Mjerumani mwenzake wa fani hiyohiyo aliyefanya kazi Kilimanjaro. Katika jenasi yake uko peke yake, hauna ndugu wa karibu. Kwa huku kwetu makazi yake ni misitu ya Usambara na ile ya pwani, pamoja na Shimba Hills upande wa Kwale. Hicho "kidole" ndicho kimebeba maua yenyewe, madogo madogo. Hilo jeupe mnaloliita ua ni jani lililogeuka.

Tazameni mlipoukuta: chini ya miti mikubwa, udongo mweusi wa majani yaliyooza, unyevu wa mawingu yanayopanda kutoka Bahari ya Hindi. Shina lake linatambaa juujuu ya udongo huo. Huu hauna tangi kama la ZZ. Kivuli kikiondoka, umekwisha. Na kivuli cha Usambara Mashariki kimeondolewa kwa njia nyingi. Mashamba ya chai na ukataji wa mbao kila mtu anayaona. Iliki ndiyo inayodanganya, kwa sababu miti mirefu huachwa imesimama ili kuitia kivuli, ukipita barabarani unasema msitu upo, kumbe chini kumefyekwa, kukapandwa iliki. Na chini ndiko unakoishi mmea huu.

Kuchimba, hapana. Amani ni hifadhi tangu 1997, na bila kibali hata mche mmoja hutoki nao. Hata ungepewa kibali, uwanja wa shule wenye jua na vumbi utauua kabla ya mitihani. Wanafunzi waupige picha, wauchore, warudi mwakani kuuangalia palepale.

Kuna ujumbe unasambaa kwamba ZZ inaleta saratani. Nina mtoto anayetambaa.

Habari ya saratani haina msingi, mama. Lakini mtoto asiutafune. Utomvu wake una chembe kali za kalisi oksaleti zinazochoma mdomo na koo na kuwasha ngozi. Ndizo hizohizo zinazofanya gimbi bichi liwashe, na ndiyo maana gimbi hupikwa likaiva sawasawa. Ukiukata, nawa mikono. Chungu kiweke juu ya kabati, paka naye asikifikie.

Je, ni kweli jani moja dogo la ZZ linaweza kutoa mche?

Kweli, ila uwe mvumilivu. Chomeka kijani kimoja, upande wa chini ukiingia kwenye mchanga wenye unyevu kidogo. Baada ya miezi kadhaa kitavimba kitako na kutoa kiazi chenye mizizi. Chipukizi laweza kuchukua hata mwaka. Porini hufanya vivyo hivyo: ukame ukizidi vijani hudondoka, na vinavyoangukia pazuri huota mizizi. Kijani chako kikikauka juu usikitupe, fukua kidogo kwanza uangalie kama kiazi kimeshaanza.