Jibu: Ngome za vita Marin Headlands, mtoto ataweza?

Mkuu, umeuliza kama mtoto wa miaka 9 ataweza kupanda hadi ngome za vita za Marin Headlands, ng'ambo ya daraja la Golden Gate la San Francisco, Marekani. Ataweza, ila anzeni na ngome iitwayo Battery Townsley. Egesheni gari ufukwe wa Rodeo Beach, mfuate barabara kuukuu inayopanda. Ni kilomita moja na ushee, bahari iko kushoto kwenu.

Ngome ni zege nene lililofukiwa udongo na majani, ukiwa mbali huoni kitu. Palikuwa na mizinga 2 yenye mdomo wa inchi 16, kombora moja karibu tani nzima, linakwenda kilomita 40! Haikumpiga adui hata mmoja, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikauzwa vyuma chakavu. Mtutu uliopo sasa ni wa meli ya kivita ya USS Missouri, uliletwa 2012.

Julai msiende kama mnataka kuona bahari. Mimi nilipanda nikaambulia kusikia mawimbi tu, ukungu umeziba hadi vidole vya miguu. Septemba au Oktoba kunakuwa kweupe. Makoti mbebe hata jua likiwaka, upepo wa kule hauna adabu.