Kabla hujanunua doklosa, upime mlango

Nina nyumba ya wageni hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mlango wa mapokezi ulikuwa ukijibamiza kila upepo ukivuma, mpaka wageni wa vyumba vya mbele wanashtuka usingizini. Nikaenda dukani kununua doklosa, ile mashine ya mafuta inayokaa juu ya mlango na kuufunga taratibu. Nikauliza bei tu, nikalipa, nikaondoka.

Kumbe zina namba za nguvu. Kwa kipimo cha Ulaya, namba 2 ni ya mlango usiozidi upana wa milimita 850 na kilo 40. Namba 3 inafika milimita 950 na kilo 60, namba 4 milimita 1,100 na kilo 80. Mlango wangu ni wa mninga, milimita 900, na kuupandisha kwenye bawaba tulikuwa watu wawili tunahema. Mimi nimenunua namba 2! Ikawa inausogeza mlango hadi karibu na fremu, kisha inauacha hapo, kitasa hakijashika.

"Mama, hii kaifunge kwenye kale kachumba ka ofisi," fundi akaniambia.

Nikarudi kununua namba 4. Namba 3 ingetosha kwa uzito, ila mlango wangu unafungukia nje, na mashine nilitaka ikae ndani isinyeshewe. Ukiifunga upande huo wa kusukumia, mkono wake unalala sambamba na mlango, na mkao huo unapunguza nguvu. Ongeza na upepo wetu.

Kwenye boksi kuna karatasi ya vipimo, usiitupe. Ibandike mlangoni, toboa palipo na alama. Mninga unashika skrubu vizuri. Milango yangu ya nyuma ni ya paini kutoka Mafinga, na huko skrubu ziling'oka zikabaki zinaning'inia, ikabidi tuweke bolti zinazotokea upande wa pili. Bawaba zikague mapema, maana mlango unaokwaruza sakafu hauponywi na mashine.

Sasa kurekebisha mwendo. Pembeni kuna vali mbili ndogo: moja inaongoza mwendo mrefu wa kufunga, nyingine ile hatua ya mwisho kabla kitasa hakijashika. Kukaza kunapunguza kasi, kulegeza kunaongeza. Zungusha robo, au chini ya hapo, kisha ujaribu mlango. Mimi kwenye ofisi nilizungusha tu kama nafungua kifuniko cha chupa. Vali ikachomoka, mafuta yakaniruka kwenye kitenge, na ile namba 2 ikafia hapo hapo.

Watu wa Dar hawana shida hii nyingine. Juni na Julai baridi yetu inafanya mafuta yawe mazito, mlango unakuwa mvivu na wageni wanauacha wazi. Nikalegeza vali. Joto la Oktoba lilipoingia, mlango ukaanza kubamiza upya. Siku hizi bisibisi ipo kwenye droo ya mapokezi, naitoa mara mbili kwa mwaka.

Tofali la kuzuia mlango nimelitupa, lilikuwa linapinda bawaba. Nimenunua mkono wenye kituo cha kuushikilia ukiwa wazi, wa mapokezi tu. Mlango wa jikoni hapana. Ule nataka ujifunge wenyewe moto ukitokea.