Msimuage Mhandisi wa Barabara kwa Risala ya Kunakili

Msomaji mmoja aliyeko Manyoni ameniandikia kwamba ameteuliwa kuwa katibu wa kamati ya kumuaga mhandisi wa barabara anayestaafu kwa mujibu wa sheria baada ya kutimiza miaka 60, na ameomba nimtumie mfano wa risala. Nimekataa, si kwa uchoyo, bali kwa sababu risala za kunakili ndizo zilizoziharibu shughuli hizi, na wengi wenu mnaosoma hapa mtakabidhiwa jukumu hilohilo siku moja, mkitaka lifanyike kwa heshima kama ninavyotaka mimi.

Marehemu baba yangu alikuwa nyapara wa kazi za barabara tangu enzi ambazo barabara kuu zilihudumiwa na Wizara yenyewe, kabla ya TANROADS, wakala wa serikali wa barabara, kuanzishwa mwaka 2000. Siku alipoagwa, ofisi yake ilimsomea risala iliyomsifu kuwa mchapakazi, mwadilifu na mcheshi, maneno ambayo yangemfaa vilevile karani wa ushuru au bwana mifugo. Baba hakuwa mcheshi hata kidogo. Hakutajwa daraja, mtaro wala kipande kimoja cha barabara alichokihangaikia. Alirudi nyumbani na saa ya ukutani, nasi tukaitundika kwa sababu ilikuwa ya kutundikwa. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo zamu yangu ilipofika mwezi uliopita hapa Dodoma, ya kumwandikia risala mhandisi wetu, niliuweka wasifu wake kando na kuwatafuta kwanza watu aliofanya nao kazi barabarani. Dereva wa greda alinieleza jambo ambalo halimo katika faili lolote: kila walipofika penye kalavati, yaani njia ya maji inayopita chini ya barabara, mzee alishuka garini, akachutama kwenye mdomo wa kalavati na kupima kwa fimbo kina cha mchanga uliojaa ndani, hata siku ambazo safari ilikuwa ya shughuli nyingine kabisa. Asiyeijua Dodoma ataiona tabia hiyo kuwa ya ajabu. Mvua zetu ni chache na huanguka zaidi kati ya Desemba na Aprili, lakini zikija hupiga ardhi iliyo wazi, makorongo yaliyokauka yakafurika kwa muda mfupi yakiwa yamebeba mchanga na matawi, na kalavati likiziba maji hupanda juu ya tuta la barabara na kulikata. Ukiongeza udongo mfinyanzi mweusi wa mbugani, ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, utaelewa kwa nini mhandisi hana budi kuuondoa au kuutibu kabla hata ya kuifikiria lami. Kazi hiyo ikifanywa vizuri haionekani. Abiria hulaani shimo lililopo, wala hana namna ya kulishukuru lile ambalo halikutokea.

Fundi wa maabara naye alikumbuka tabaka la msingi lililoshindwa jaribio la mshindilio, mzee akamwamuru mkandarasi alichimbue, alimwagie maji na kulishindilia upya, wakati wakubwa wakisubiri kupitishwa eneo hilo. Niliyaandika yote mawili kama nilivyoyasikia. Ukumbi ulicheka, mkewe akafuta machozi, na mgeni rasmi aliomba nakala ya risala, jambo ambalo sijawahi kuona likitokea kwa risala ya mtu mwingine yeyote.

Basi nendeni kwa madereva, mafundi na vibarua, na muwape viti vya mbele, si vya nyuma karibu na vyombo vya chakula. Andikeni kweli tupu. Barabara ya Dodoma hadi Babati kupitia Kondoa, yenye kilometa 251, ilizinduliwa mwaka 2018, na tangu hapo kila risala ninayoisikia mkoani humu humpa mstaafu wake sifa ya kuijenga. Kama alisimamia kipande, semeni kipande. Kama alikagua mitaro, semeni mitaro. Sifa ya kuazima humdhalilisha mtu mbele ya wenzake wanaojua.

Kuhusu zawadi, jokofu na mabati si vibaya, lakini ulizeni kwanza faili lake likoje. Mtumishi wa umri huo aliajiriwa miaka mingi kabla ya PSSSF, mfuko unaowalipa watumishi wa umma pensheni, kuundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya awali, na barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini na za kupandishwa vyeo hupotea ofisi zinapohama. Kumvisha mzee mgolole na kumpigia vigelegele, ilhali mnajua atazunguka na bahasha akitafuta barua moja, ni unafiki, na kamati inayofanya hivyo inajifurahisha yenyewe. Mpeni afisa utumishi jukumu hilo miezi kadhaa kabla ya kukodi ukumbi, na mumdai majibu katika kila kikao. Mstaafu mwenyewe azungumze kabla ya chakula, bila mshereheshaji kumhimiza afupishe.