Usiache Kazi kwa Sababu ya Mdogo Wako

Tangu niweke picha ya kufaulu CPA, mitihani ya juu ya uhasibu, nimepokea pongezi nyingi, lakini ujumbe wa binti mmoja wa Morogoro ndio ulioninyima usingizi: "Dada, na mimi nina mdogo wangu mwenye mtindio wa ubongo, na mama hayupo. Niache kazi?" Mdogo wangu, usiache.

Mdogo wangu wa damu alichelewa kulia alipozaliwa, ubongo ukakosa hewa. Hakai mwenyewe wala hasemi, ila akisikia sauti yangu mlangoni anacheka mpaka mwili mzima unakakamaa. Baada ya arobaini ya mama, baba mkubwa alisema mbele ya ukoo mzima: "Huyu apelekwe kijijini, msichana aendelee na maisha yake." Mpaka leo sijayasahau maneno yale. Maisha yangu yepi ambayo yeye hayumo?

Alfajiri namkalisha kwenye kiti alichotuchongea fundi seremala, chenye mikanda na meza kifuani, maana akilishwa amelala uji unampalia na kuingia kwenye mapafu. Nusu kijiko, nasubiri ameze, nusu nyingine. Hapo hakuna haraka. Halafu tunanyoosha miguu kama tulivyofundishwa hospitali ya CCBRT, la sivyo misuli inakaza. Somo la kodi nimelisoma hapohapo, daftari likiwa limeegemezwa kwenye chupa ya chai. Mengine niliyasoma usiku kama watahiniwa wote wa NBAA, bodi ya wahasibu.

Sasa nisikilize. Mwambie bosi wako mapema. Mimi nilisema siku ya usaili kwamba kuna siku za kliniki na nitazifidia Jumamosi. Ukificha, kila ruhusa itaonekana utoro. Tafuta mama mtu mzima wa kumwangalia, mkae naye mkilisha pamoja mpaka uridhike, na mshahara wake utoke kabla hujalipa kingine chochote. Narudia, kabla ya kingine chochote, kwa sababu yeye ndiye anayekuwezesha kwenda kazini.

Na nyinyi kaka zetu, mnaotuma hela ya nepi kila mwisho wa mwezi mkadhani mmemaliza. Hela tunashukuru. Lakini kulisha si kazi ya dada peke yake, mwanamume naye anaweza kushika kijiko. Njooni Jumamosi mfundishwe, mkae na ndugu yenu mpaka jioni. Mitihani inapokaribia, dada yenu anahitaji siku nzima ya kusoma.